Mteremko wa Karatu kwenda Mto wa Mbu: kwa nini breki zinanuka?

Vitunguu_Karatu: Heshima kwenu wakuu. Fuso ikishusha vitunguu vya Mang'ola kuja Arusha, pale kwenye ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Mto wa Mbu breki zinanuka kuungua na gari haishiki vizuri. Ikiwa tupu haisumbui. Laining (vipande vinavyosugua dramu ya gurudumu ili gari lisimame) ni mpya. Shida ni gari, dereva au barabara? Na mbona mlima mkali uko pale tu?

Bonde_la_Ufa: Bonde la Ufa pale limezama upande mmoja. Ufa mkubwa uko magharibi, ndiyo maana ukitoka Makuyuni unateremka taratibu, halafu ghafla unakutana na ukuta. Ziwa Manyara liko kama mita 960 juu ya usawa wa bahari, Karatu kama 1,500. Chemchemi zinazotoka chini ya ukuta huo ndizo zinazolisha migomba na mpunga wa Mto wa Mbu.

Lami ya Makuyuni hadi lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Kabla yake vumbi na mawe vilikulazimisha kwenda polepole. Leo dereva anafika ukingoni akiwa na mwendo, na kona zinamsubiri.

Fundi_Ngarenaro: Mkuu, kwanza jua harufu inatoka wapi. Ukifika chini, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Likichemka moja tu, hilo breki haiachii au sili ya habu (mpira unaozuia mafuta ya kitovu cha gurudumu) inavujisha. Yakichemka yote, ni dereva.

Dramu ikipata moto inatanuka na kukimbia laining, na laining yenyewe inateleza. Hapo ukanyage utakavyo, hupati kitu. Laining mpya ambazo bado hazijakaa sawa na dramu zinawahi zaidi kupata moto.

Shuka na gia ambayo ungepandia na mzigo huohuo, na uiingize KABLA ya ukingo. Washa breki ya ekzosi (inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo). Chagua mwendo, tuseme kilomita 30 kwa saa: ukifika hapo kanyaga kwa nguvu hadi 20, achia kabisa, acha injini ishike. Kugusagusa pedali njia nzima ndiko kunakochoma, na kwenye breki za upepo kunamaliza upepo kwenye tangi. Nyutro usithubutu, mwendo ukishakolea gia haiingii tena. Ikichemka usimwagie maji, dramu itapasuka. Tambarare ya kuelekea Makuyuni inatosha kuipoza ukienda polepole.

Spea_za_Canter: Nyongeza kwa wenye Canter za breki za mafuta: DOT 3 (aina ya mafuta ya breki) ikiwa mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ikishanyonya unyevu inashuka hadi kama 140. Ikichemka inatoa mvuke, pedali inazama hadi sakafuni. Badilisha kila baada ya miaka 2.

Vitunguu_Karatu: Magurudumu yote yanachemka, kwa hiyo jibu nimelipata. Je, kupita Lodoare kwenda juu?

Bonde_la_Ufa: Huko ni habari nyingine. Lami inaishia langoni. Upepo wa kutoka Bahari ya Hindi unamwaga unyevu upande huu wa mashariki, ndiyo maana kuna msitu, ukungu wa asubuhi na udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Ukishavuka ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuelekea Olduvai, kunakauka. Washa taa, na ukikuta nyati barabarani mwache apite kwanza.