MREJESHO: Kozi za mtandaoni nikiwa zahanati ya kijijini

Wakuu habari zenu. Mwezi wa tatu niliuliza nesi wa zahanati ya kijijini huku Rukwa atasomaje kozi za mtandaoni apate pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) za kuhuisha leseni, wakati netiweki mpaka upande kichuguu.

Dada uliyesema nipakue Safe Delivery App, ile app ya mafunzo ya kuzalisha, siku nikienda Sumbawanga mjini, Mungu akubariki sana, ikishaingia kwenye simu haihitaji bando, video ya mtoto asiyepumua nimeirudia mpaka mikono imezoea, kwamba ndani ya ile dakika 1 ya kwanza uwe umeshaanza kumpa hewa kwa ambu (ule mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono), na wiki mbili zilizopita usiku akazaliwa mtoto amelegea kabisa, tukamkausha, tukamsugua mgongo, wapi, nikashika ambu, akalia. Na mimi nililia jamani.

Kozi ya bure ya WHO nayo nimemaliza, nilikuwa naamka saa kumi alfajiri netiweki ikiwa nyepesi.

Zoom imeshindikana, inakata kata, nimeacha. Na pointi bado hazijasoma kwenye akaunti, nafuatilia, kumbe ilibidi niulize kabla ya kuanza kama kozi inahesabika. Zikiingia nitarudi kuwaambia. Asanteni sana wote.