Kadi ya sauti imemeza besi ya kanda za baba

Binti Raskazone
Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga. Marehemu baba ameacha kanda 34 za taarabu, nyingi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, nyingine alirekodi mwenyewe kwenye harusi za Ngamiani. Nazihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Deki ni yake ileile, inaingia tundu la bluu, la kuingizia sauti, la kadi ya sauti ya PCI (ya kuchomeka ndani ya kompyuta) niliyonunua mtumba.

Kuna mvumo usiokatika hata kanda ikisimama, na nikisogeza mausi nasikia "zzi zzi". Hilo naweza kulivumilia. Linaloniuma ni kwamba nikisikiliza kwa hedifoni, gitaa la besi halipo. Mwimbaji yupo, fidla ipo, besi imekwenda. Kwenye redio ya baba kanda hiyohiyo inatikisa kabati. Nimesharekodi kanda tisa, naogopa zote ni bure. Ninunue kadi nyingine?

Mgosi wa Korogwe
Dada, hiyo kadi itakuwa na chipu ya kukuza sauti ya 4558. Itoe uweke NE5532, miguu minane ileile. Nilifanya hivyo kwenye amplifaya yangu, tofauti niliisikia siku hiyohiyo.

Fundi Barabara ya 12
Dada, pole kwa mzee. Usinunue kitu kwanza.

Mgosi, ni kweli 5532 ina kelele ndogo kuliko 4558, ila kelele ya mkanda wenyewe inazifunika zote mbili. Kurekodi kwa biti 16 kuna nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya kelele na sauti kubwa kabisa. Kanda ya kawaida isiyo na Dolby, ule mfumo wa kupunguza kelele, inaishia 50 na kitu. Na chipu ikichoka haichagui kula besi peke yake.

Fungua kompyuta, tazama nyuma ya tundu la kijani, la hedifoni. Kwa kawaida kuna vikopo viwili vya kapasita, kimoja cha kushoto, kimoja cha kulia. Vinazuia umeme wa DC usifike kwenye hedifoni na kuruhusu sauti ipite. Vikikauka, sauti nene ndiyo inayokwama kwanza. Piga hesabu: maikrofaradi 100 na hedifoni ya omu 32, besi inaanza kupungua kwenye hezi 50. Kikopo kikichoka hadi maikrofaradi 10, inapungua kuanzia hezi 500. Gitaa la besi karibu lote liko chini ya hapo.

Sasa sikia: vikopo hivyo viko njia ya kutokea. Kanda zako zimeingilia tundu la bluu, ambako mzigo ni kama omu elfu kumi, hata kapasita ndogo inatosha. Kwa hiyo usifute kitu. Weka faili moja kwenye flashi, ukaisikilize nje ya hiyo kompyuta.

Mvumo ni umeme wa ukutani, hezi 50. Deki na kompyuta zichomeke kwenye ekstensheni moja. Kadi ihamishie nafasi ya mbali na kadi ya picha.

Ukibadilisha vikopo, piga picha kwanza. Mstari kwenye kikopo ni hasi, lakini michoro ya bodi haifanani. Kuna zinazopaka rangi upande wa chanya. Chukua vya kuhimili joto la digrii 105, achana na vya 85.

Binti Raskazone
Fundi, Mungu akuzidishie. Flashi nimeichomeka kwenye bajaji ya binamu yangu, tukaegesha chini ya mwembe. Besi ipo! Kanda zote tisa zipo salama. Nililia palepale.

Vikopo ulivyosema nimeviona. Kimoja kimevimba kichwa, kingine kimevuja, chini yake kuna ukoko wa kahawia. Na matundu yalikuwa na kutu ya kijani, upepo wa bahari huu. Nimeyasugua kwa spiriti. Shemeji kaniwekea vya maikrofaradi 220 kwa volti zilezile, sasa hata kwenye hedifoni vidole vya mpigaji navisikia vikiteleza kwenye nyuzi. Kwa ekstensheni moja mvumo umekwisha. "Zzi" imebaki kwa mbali sana, nikirekodi siushiki mausi.

Kanda ya kumi imegoma: kile kisponji kinachosukuma mkanda kwenye hedi kimedondoka. Nikitoe cha kanda mbovu nikibandike, au gundi itaharibu mkanda? Ni ya harusi ya mama, sitaki kubahatisha.

Fundi Barabara ya 12
Usibandike kitu. Kama ganda lina skurubu, hamishia mkanda wote kwenye ganda zima la kanda nyingine. Kama limegandishwa, niletee Jumamosi asubuhi, tulifungue pamoja.