Aliyezimwa apewe marudiano haraka, au akae pembeni kwanza?

Mwanakona: Wakuu, bondia wa MMA (mapigano mchanganyiko ya ngumi, mateke na mieleka) akizimwa, yaani akipigwa mpaka pambano likaishia hapo, na kupoteza mkanda wa ubingwa, arudishwe haraka kwa yule yule? Mimi nasema ndiyo. Pereira alimmaliza Adesanya Novemba 2022, Aprili Adesanya akamlaza raundi ya pili. Ukichelewa, hofu inaota mizizi.

Teke la Kushoto: Usman mbona humtaji? Edwards alimzima kwa teke la kichwa Agosti 2022, imebaki chini ya dakika moja na Usman anaongoza. Machi akarudi, akapigwa tena kwa pointi. Adesanya, ile Novemba, mwamuzi alimwokoa akiwa bado wima. Usman alizimika kabisa. Ubongo si msuli wa paja, mkuu.

Mama Mwereka: Msome GSP, yaani Georges St-Pierre. Serra alimmaliza raundi ya kwanza 2007. Hakukimbilia marudiano: akapita kwa Koscheck, akapita kwa Hughes, Aprili 2008 ndipo akamwangusha Serra na kummaliza kwa magoti ya mbavuni. Mwanasaikolojia alikuwa amempa tofali aandike jina la Serra, akalitupe mtoni.

Ngumi Kavu: Hahaha, TOFALI! Na mtu analipwa kwa ushauri huo? Halafu Mama, hakuchagua kusubiri. Serra aliumia mgongo, ndiyo maana Hughes akapigana na GSP.

Mama Mwereka: Cheka tu, mwanangu. Ngannou hakupewa tofali. Miocic alimchosha raundi tano akamshinda Januari 2018. Julai mbele ya Lewis akaganda, ngumi hazitoki, ukumbi unazomea. Mwenyewe alikiri kwamba hofu ya pambano lililopita aliingia nayo.

Ngumi Kavu: Na 2021 akamzima Miocic. Tofali liko wapi?

Teke la Kushoto: Miaka mitatu baadaye! Unanisaidia hoja yangu.

Ngumi Kavu: Sijakusaidia chochote. Wewe umewahi hata kuvaa glovu?

Teke la Kushoto: Nimevaa, na nimemshikia pedi mwenzangu aliyezimwa kwa ngumi ya kulia. Bega lako la kulia likitikisika tu, anafumba macho na kidevu kinapanda juu, yaani anajipeleka mwenyewe. Kocha akampiga marufuku kupigana mazoezini. Akawa anamrushia kiganja kitupu, polepole, akimtaka akiangalie mpaka kimguse shavu. Kope zilipotulia ndipo akaongezewa kasi. Mpe huyo marudiano ya haraka uone.

Mwanakona: Jamani, mada ni mkanda. Bingwa akikaa pembeni, foleni inamruka.

Ngumi Kavu: Mada imeshakuwa tofali, mkuu. Teke kasema vizuri: mtu kaponywa na kiganja cha kocha.

Mama Mwereka: Na kiganja kile kilikuwa kinatibu nini, msuli au akili? Jibu hilo kwanza, kucheka utacheka baadaye.

Ngumi Kavu: Kilikuwa kinatibu kidevu, Mama.