Wahadhiri, acheni kuwakaririsha vijana namna ya kugeuza orodha unganishi!

Wakuu, heshima zenu.

Nimevumilia vya kutosha. Kila msimu wa fildi napokea vijana kutoka vyuoni, na swali langu la kwanza halibadiliki: geuza orodha unganishi ya mwelekeo mmoja (linked list: visanduku vya data, yaani nodi, kila kimoja kikionyesha kinachofuata tu), ya mwisho iwe ya kwanza. Wanaandika bila kusita. Nikiuliza kwa nini mstari wa kwanza usikae wa pili, kimya. Juzi mmoja kanionyesha karatasi yake ya mtihani. Katumia mzunguko (loop), jibu sahihi kabisa, kapewa sifuri kwa sababu notisi za mhadhiri zilitumia rekasheni, yaani fanksheni inayojiita yenyewe. Sifuri! Hapo damu ilinichemka.

Kitu chenyewe ni hiki, kwa lugha ya Python, sasa ikianzia nodi ya kwanza na nyuma ikiishia kuwa kichwa kipya:

nyuma = None
while sasa:
    mbele = sasa.next
    sasa.next = nyuma
    nyuma = sasa
    sasa = mbele

Nodi inabeba anwani ya inayoifuata, basi. Iliyotangulia haiijui. Ukigeuza kielekezi (hiyo .next) kabla ya kuhifadhi ile anwani, umeifuta, na haijaandikwa mahali pengine popote. Badilishana mistari miwili ya juu ndani ya mzunguko uone: orodha ya nodi 5 inarudi na nodi 1, programu inamaliza salama, hakuna kosa linaloripotiwa. Kijana aliyekariri atakesha akilitafuta tatizo hilo. Aliyechorewa visanduku vitatu na mishale ubaoni ataliona mara moja. Sasa kuchora visanduku vitatu kunamshinda nani?

Halafu hiyo rekasheni mnayoiita "bora" kwa vile ni fupi. Kila mwito unamngoja mwenzake, na wote wanakaa kwenye kumbukumbu mpaka mwisho wa orodha ufikiwe. Python ikiwa haijaguswa inaruhusu kina cha miito 1000 inayongojana. Mpe orodha ya nodi 2,000 uone kosa la RecursionError. Mzunguko unatumia vigezo vilevile vitatu (nyuma, sasa, mbele), nodi ziwe 10 au milioni 10. Kuifundisha rekasheni ni sawa, tena ifundishwe, lakini mwanafunzi aambiwe gharama yake. Kumnyima maksi aliyechagua njia isiyolemea kumbukumbu ni uonevu.

Najua kuna atakayekuja kusema hili ni swali la mtihani tu, kazini halipo. Fungua msimbo wa kerneli ya Linux (kiini cha mfumo endeshi huo), faili lib/llist.c, utaikuta fanksheni ya llist_reverse_order. Orodha ile hupokea nodi mpya kichwani, kwa hiyo ya mwisho kuingia ndiyo ya kwanza kutoka. Mpangilio wa kuingia ukihitajika, inageuzwa. Na wameigeuza kwa njia gani? Kwa mzunguko, na anwani ya mbele inashikwa kabla kielekezi hakijaguswa. Jibu lilelile la kijana aliyepewa sifuri.

Wahadhiri mliomo humu, nawaomba mambo mawili. Mtihani umpe mwanafunzi msimbo wenye mistari iliyopinduliwa, aeleze nini kitatokea na kwa nini. Na msahihishaji afuatilie jibu kwa orodha tupu, ya nodi moja na ya nodi tatu kabla hajaweka mkasi, badala ya kulilinganisha na notisi zake.

Na wewe uliyekatwa maksi kwa mzunguko uliokuwa sahihi, weka jibu lako hapa chini. Tutalipitia mstari kwa mstari, mwalimu wako akiwemo humu asome.