Premio 1NZ, cheni ya taimingi inalia: nitengeneze au ninunue injini nyingine?

DerevaWaArua

Salaam aleikum wakubwa. Naomba mawazo ya watu waliokwisha kushika spana, maana hapa mjini Arua, Uganda, kila gereji ninayoingia naambiwa lake.

Gari ni Toyota Premio ya 2005, injini 1NZ-FE. Dashibodi inasoma kilomita 214,000. Kazi yake ni kukodiwa: wagonjwa wanaopelekwa Kampala, watu wa mashirika wanaokwenda kambi za wakimbizi za Rhino Camp na Imvepi, maharusi siku za Jumamosi. Ndiyo inayolipa karo ya watoto na dawa za presha za mama, kwa hiyo sitaki kukisia.

Ilianza mwezi wa Ramadhani. Asubuhi, gari ikiwa imelala usiku kucha, nikiwasha inalia krrrrr upande wa dereva, kama sekunde tatu nne, halafu inatulia. Sasa hata ikiwa ya moto nasikia, hasa nikiondoa mguu kwenye mafuta. Juzi natoka Pakwach kupanda Nebbi, gari ilikuwa nzito, gia ya tatu inalia na mwendo haupo. Taa ya injini ikawaka. Tulipochomeka mashine ya kusoma makosa ikatoa namba P0016.

Fundi wa kwanza anasema nibadilishe cheni ya taimingi, ile ya ndani inayozungusha shafti ya vali, pamoja na tenshena inayoikaza na reli inazopitia, laki 6 za Uganda pamoja na ufundi. Wa pili anasema cheni ikishaanza kulia injini hiyo imekwisha, nisitupe hela, niagize injini iliyotumika kutoka Japani pale soko la spea la Kisekka, Kampala. Pamoja na usafiri mpaka Arua na kufunga, milioni 3 na laki 2. Huyu wa pili ndiye mwenye jina zaidi hapa mjini, na ndiyo maana nashindwa kumpuuza.

Oili haipungui sana, naongeza kidogo tu kati ya sevisi na sevisi. Moshi sioni. Wenzangu mngefanya nini?

Spea_Kisekka

Kaka, mimi nauza spea hapa Kampala na nitakwambia ninavyoona wateja wangu. Wengi wanaobadilisha cheni peke yake wanarudi. Leo cheni, mwezi ujao sili ya krankishafti, shafti ya pistoni, inavuja, mwezi wa tatu unaanza kuongeza oili. Gari ya kazi haitakiwi kulala gereji. Injini ya 1NZ ipo ya kumwaga, ni ya Probox, Fielder, Spacio, Vitz, zote hizo. Inafungwa, kesho yake uko barabarani. Laki 6 ukizitumia vibaya mara mbili umeshapita theluthi ya injini.

Ila usinunue kwa simu. Mtume mtu unayemwamini aje aitazame.

Afande_Spana

Kijana wangu, usinunue injini, na cheni pia usinunue bado. Mimi nimetengeneza magari ya jeshi miaka mingi kabla ya kustaafu, sasa nina gereji ndogo Jinja, na kinachonisikitisha ni injini nzima zinazotupwa kwa sababu ya kelele ambayo hakuna aliyeipima.

Kwanza hakikisha kelele ni ya cheni. Gari ikiwa baridi, toa mkanda wa nje unaozungusha alteneta na pampu ya maji, halafu washa kwa sekunde chache tu, uzime. Kelele ikipotea, ugonjwa uko kwenye beringi ya alteneta au ya pampu ya maji, na utakuwa umejiokolea hela nyingi. Ikibaki, iko ndani.

Tazama na filta ya oili. Tenshena ya 1NZ inasukumwa na presha ya oili. Filta nzuri ina kiraba ndani kinachozuia oili isirudi chini gari ikilala. Filta feki haina, au inacho kigumu kama plastiki, kwa hiyo asubuhi tenshena iko tupu na cheni inapiga mpaka oili ifike. Nimeona magari yaliyopona kelele ya asubuhi kwa filta peke yake. Lakini yako inalia hata ikiwa ya moto na ina P0016, kwa hiyo sidhani kama utapata bahati hiyo.

P0016 maana yake kompyuta imeona krankishafti na kamshafti, shafti ya vali, hazikubaliani. Huenda cheni imerefuka, huenda imeruka jino, huenda gia ya VVT-i, ile inayobadilisha wakati wa vali kufunguka, au vali yake ya oili imekwama kwa uchafu. Hiyo vali inafunguliwa kwa boliti moja na kusafishwa, pamoja na kichujio chake kidogo. Anzeni hapo, haina gharama.

Watu wanasema cheni imevutika. Chuma hakivutiki hivyo. Kinacholika ni vipini na bushi zake, kidogo kidogo kila kiungo, na ukijumlisha vyote cheni inakuwa ndefu, kama ile ya baiskeli iliyobeba magunia miaka mingi. Ikirefuka, kamshafti inachelewa, vali zinafunguka nje ya wakati wake, ndiyo maana gari yako haina nguvu kwenye mlima. Tenshena inajinyoosha kuifuata mpaka inafika mwisho wake. Hapo cheni inaanza kusugua reli na kava, na siku moja inaruka meno. 1NZ ni injini ambayo taimingi ikipotea, vali zinakutana na pistoni. Nakuomba usipande nayo Nebbi tena mpaka ifunguliwe. Leo unachagua kati ya cheni na injini. Vali zikishapinda hutakuwa na la kuchagua.

Sasa swali lako lenyewe. Cheni haiwezi kukwambia kama injini imekwisha. Kinachokwambia ni kompresheni na oili.

Pimeni kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Injini ya moto, plagi zote nje, umeme wa mafuta umekatwa, mguu umekanyaga mafuta mpaka chini, betri yenye nguvu. Kwa 1NZ-FE, injini nzima inatoa kama psi 213. Ikishuka chini ya 156 haifai, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 14. Jueni pia cheni iliyorefuka inaweza kushusha zote nne kwa pamoja, kwa hiyo zikiwa chini kidogo lakini zinalingana, usiogope. Ikiwa moja au mbili zimeanguka peke yake, mimina kijiko cha oili ndani ya silinda hiyo upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, ni vali.

Halafu sampu, bakuli la oili chini ya injini. Mwaga oili ipite kwenye kitambaa safi cheupe, pitisha sumaku. Vipande vya plastiki ni reli za cheni zimevunjika; hizo si kifo, ila lazima sampu ifunguliwe na chujio la pampu lisafishwe, maana vikiziba pale oili haipandi na injini inakufa kwelikweli. Vumbi laini la chuma kwenye sumaku ni kawaida kwa umri huo. Ukiona vipande vinavyong'aa, vya rangi ya shaba au ya fedha, hizo ni beringi za krankishafti. Hapo nami nitakwambia tafuta injini.

Na ndugu yangu wa Kisekka, nakuheshimu, biashara ni biashara. Lakini injini unayomuuzia ina cheni gani ndani? Ina cheni iliyotoka nayo Japani, ya kilomita ambazo si wewe wala mimi tunazijua. Mtu akiiweka ndani ya gari bila kuifungua, amenunua kelele ileile kwa kuingoja. Mimi injini iliyotumika siifungi bila kubadilisha cheni, tenshena, reli na sili zikiwa bado chini sakafuni, ambako kazi ni rahisi. Kwa hiyo ile gharama ya cheni hukuikwepa, umeiongeza juu ya bei ya injini.

Tena 1NZ si zote sawa. Za zamani throto inavutwa na waya kutoka kwenye kanyagio la mafuta, za baadaye zina throto ya umeme. Ukileta isiyolingana na yako, utahamisha vifaa na nyaya mpaka uchoke. Na namba ya injini imeandikwa kwenye logbook. Ukibadilisha injini lazima ubadilishe na maandishi, la sivyo siku ya kuuza gari au ya kusimamishwa barabarani una kesi.

Hiyo laki 6, muulize fundi ina nini ndani yake. Cheni mpya juu ya gia zilizolika na tenshena ya zamani si kazi. Nataka kusikia cheni, tenshena, reli zote mbili, gia ya krankishafti, sili ya mbele, oili na filta. Gia ya VVT-i ni ghali, ikaguliwe kwanza kabla ya kuinunua.

MamaWaWish

Jambo afande, na pole dereva. Mimi nitaongeza upande wa pili ili asidhani injini haibadilishwi kabisa. Tuna Toyota Wish yenye injini ya 1ZZ, hapa Mbale. Yetu ilikuwa inalia cheni hivyohivyo, lakini pia ilikuwa inakunywa oili, lita nzima haifiki Kampala na kurudi mara mbili. Tulipopima, silinda mbili zilikuwa chini ya psi 120, na zikapanda kwa kijiko cha oili. Fundi wetu akasema wazi kwamba kubadilisha cheni hapo ni kuvalisha maiti kanzu. Tukanunua injini, na tulichagua kwa kufungua kifuniko cha oili na kutazama ndani: tatu za kwanza zilikuwa na tope jeusi, ya nne ilikuwa na rangi ya asali. Hiyo ndiyo iliyomo mpaka leo.

Nawe unasema oili haipungui. Basi usikimbilie njia yetu.

DerevaWaArua

Jambo afande, ahsante sana. Mama, nawe ahsante. Gari niliiegesha siku ileile niliposoma, kazi za Imvepi nikampa jirani.

Mkanda tulitoa, kelele ikabaki. Vali ya VVT-i tulisafisha, P0016 ikarudi. Kompresheni: 180, 175, 180, 170. Fundi wa pili alikuwepo tunapima, na namsifu kwa hilo, aliziangalia namba akasema yeye mwenyewe injini hii haistahili kutolewa.

Tulipofungua kava la juu, ndani kulikuwa na rangi ya kahawia, hakuna tope. Ila cheni kati ya gia mbili za kamshafti ilikuwa inabonyea kwa kidole. Sampu ndiyo iliyonitisha. Kwenye chujio la pampu kulikuwa na vipande vya plastiki nyeusi, kimoja ukubwa wa kucha ya kidole gumba, kimeegemea wavu kabisa. Sumaku ilitoka na unga laini tu.

Seti nilichukua ya Aisin, ndugu wa Kisekka alinitafutia na akaituma kwa basi la usiku. Nasema hadharani kwamba alinitendea haki ingawa alitaka kuniuzia injini. Fundi alitundika cheni ya zamani na mpya kwenye msumari mmoja ukutani. Juu ziko sawa, chini ile ya zamani imeshuka kuliko mwenzake mpya kwa karibu nusu kiungo. Tenshena ya zamani ilikuwa imetoka nje yote.

Na reli moja ilikuwa haina ncha. Ncha yake ndiyo ile iliyokuwa kwenye chujio.

Jumla imefika laki 8 na 40, pamoja na sili, silikoni, oili na ufundi. Kesho tunafunga. Je, kuna kitu cha kuangalia kabla ya kuwasha?

Spea_Kisekka

Kaka, tuko pamoja. Afande kuhusu cheni ya injini za mtumba nimekusikia, wateja nitaanza kuwaambia.

Afande_Spana

170 mpaka 180 na cheni imelegea namna hiyo? Hiyo injini ni nzima. Zitapanda kidogo mkimaliza.

Kabla ya kuwasha: viungo vya rangi vya cheni vikae kwenye alama za gia, mbili juu na moja chini, kisha mtoe pini ya tenshena. Plagi zikiwa nje, zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya krankishafti, mizunguko miwili kamili. Ikigusa kitu, simama hapo hapo, usilazimishe. Baada ya mizunguko miwili alama za gia lazima zirudi zilipokuwa. Viungo vya rangi havitarudi, msishtuke, tazameni gia tu.

Silikoni iwe nyembamba. Inayobanwa ndani hukatika ikaenda kulala kwenye chujio lilelile mlilosafisha. Iacheni ikauke kabla ya kutia oili. Oili ni lita 3.7 pamoja na filta, 5W-30. Kabla ya plagi kurudi, zungusheni kwa stata mpaka taa ya oili izime, ili tenshena ijae.

Oili hiyo ya kwanza usiiache mpaka kilomita 5,000. Imwage ikifika 1,000, ubadilishe na filta, upitishe tena sumaku. Ukiona kipande kingine cha plastiki niandikie, kwa sababu ile ncha huenda haikuwa peke yake.