YULE BWANA WA NYUMBA WA GARI JEUPE, LEO KANITIA WAZIMU!!!

Nesi_Jangwani: Wakuu, tulio huku jangwani Northern Territory, Australia, wote mnamjua yule afisa wa nyumba za serikali. Simtaji.

Choo cha bibi wa Kiaborijini (wenyeji asilia wa huku) ninayemhudumia kimeziba tangu enzi za Nuhu. Leo bwana katua na fundi bomba, masaa manne ya vumbi kutoka mji wa Alice Springs. Fundi kafunga koki mpya jikoni, haooo wanaondoka. Namwambia, bwana, choo hicho hapo na fundi huyu hapa. Ananijibu: "Choo hakimo kwenye karatasi ya leo."

KASIMAMA KWENYE MAJI YA CHOO! Viatu vimelowa! Hakimo kwenye karatasi!

Tangu 2023 kodi ni dola 70 kwa kila chumba cha kulala kwa wiki, choo kifanye kazi kisifanye. Joto linapita nyuzi 40, ndani wamebanana vizazi vitatu. Halafu mjini wanasema Waaborijini wanabomoa nyumba. Uongo! Waliokagua maelfu ya nyumba hizi walikuta uharibifu wa wapangaji haufiki 10%, sehemu kubwa ni kukosa matengenezo. Eti karatasi! Na maji yako kwenye soksi!

Kisu_Butu: Nesi, ulienda kutibu watu au mabomba? 😂

Mama_Kahawa: Msimcheke. Santa Teresa, kijiji cha Waaborijini hukohuko, kuna mama alikaa miezi 68 bila mlango wa nyuma. Kesi ilifika mahakama ya juu kabisa ya Australia, 2023 upande wake ukashinda fidia. Dada, mtafutie bibi mwanasheria.

Nesi_Jangwani: Namtafuta kesho. Lakini ALISIMAMA KWENYE MAJI, mama!

Kisu_Butu: Tumesikia, amelowa. Mnunulie gambuti.

Mtoto_wa_Tabata: Fundi katoka masaa manne na kafika? Wangu anakaa nyumba ya tatu, kila siku "niko njiani bosi".

Mbongo_Perth: Dola 70 mnalia? Mwenye nyumba wangu kapandisha kodi na dhamana ya nyumba ya zamani bado naidai.

Mtoto_wa_Tabata: Dhamana kitu gani, njoo Dar ulipe miezi sita kwa mkupuo.

Kisu_Butu: Na mwezi mmoja wa dalali.

Nesi_Jangwani: Jamani, choo cha bibi...

Mtoto_wa_Tabata: Usinikumbushe madalali. Jana mmoja kanifungulia chumba "kitupu", mwenyewe yumo ndani kalala na neti kashusha.

Mbongo_Perth: 😂😂 Bei gani hicho?