Nauli ya gari la kuita kijijini: tupimeje ambayo watu watalipa kweli?

Njiapanda_22
Wakuu, kijiji kiko km 22 kutoka lami. Gari ni moja: linashuka alfajiri, linapanda jioni. Kikundi kinataka kuweka Noah ya kuita kwa simu. Tutajuaje nauli ambayo watu watalipa kweli, si ya mdomoni?

MtuWaDodoso
Mkuu, usiulize "ungelipa shilingi ngapi?" Mmoja atataja ndogo akidhani mnapatana, mwingine atataja kubwa asikuvunje moyo. Andika karatasi za 2,000, 3,000, 4,000 na 5,000, kila kaya iokote moja. Uliza: kwa bei hii utapanda, ndiyo au hapana? Akikubali, pandisha ngazi moja, akikataa, shusha.

Kabla ya swali eleza safari nzima: anaagiza lini, anasubiri dakika ngapi, anafuatwa mlangoni au barabarani, gunia linalipiwa au la. Usipotaja muda wa kusubiri, kila mtu atajibu swali lake mwenyewe. Safari ya gulio na ya mgonjwa usiku ziulizwe mbalimbali. Na rudia dodoso: jibu la baada ya mavuno si la Januari, ada za shule zikigonga hodi.

Tairi_la_Akiba
Pigeni na hesabu ya gari. Barabara ya vumbi, tuseme Noah inakwenda km 8 kwa lita. Kwenda na kurudi km 44, lita 5.5, petroli ikiwa 3,000 ni 16,500. Weka 15,000 ya dereva, tairi, bushi na sevisi: 31,500. Abiria saba, gari likirudi tupu, ni 4,500 kwa kichwa. Likijaa kote ni 2,250. Hapo ndipo miradi hii inapofia, kwenye kurudi tupu. Kwa hiyo oda zifungwe saa mbili usiku, zipangwe kwa pamoja, na kila mtu atangulize 1,000 kwa simu. Asiyetanguliza ndiye asiyetokea asubuhi.

Njiapanda_22
Na wenye vitochi, simu zisizoingia programu, wataagizaje?

MtuWaDodoso
Programu ya nini? Namba moja ya kupiga, na daftari kwa wakala wa pesa. Tena kaa hapo siku ya gulio na siku ya kawaida, uandike wanachowapa boda sasa hivi. Mama mwenye ndoo mbili za nyanya analipa boda, kisha nusu ya ndoo inafika imepondeka. Hasara hiyo nayo ni sehemu ya nauli yake ya leo, iulize.